Mawe ya Listra

Dominika ya Tano ya Pasaka, Mwaka C
Mdo 14:21-27, Ufu 21:1-5, Yn 13:31-35

Wapendwa wasikilizaji, masomo ya Dominika hii huturudia mara moja kila baada ya miaka mitatu. Mwaka 2016 yalituangukia tarehe 24 Aprili, na kwa sisi wakazi wa Tanga tarehe hiyo ina habari yake. Asubuhi ya siku ile, katika Kanisa Kuu pale Chumbageni, na katika parokia na vigango vyote kutoka Pangani hadi milima ya Lushoto, mapadre na makatekista walisimama wakasoma Injili fupi ambayo Bwana wetu anawapa wafuasi wake amri mpya, kwamba wapendane kama yeye alivyowapenda. Tukaitika, tukaungama imani, tukapeana amani. Jioni ya siku ileile, katika Uwanja wa Mkwakwani, mtu alipigwa jiwe.

Wengi mnaikumbuka habari hiyo. Ilikuwa nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, kati ya Coastal Union yetu na Yanga ya Dar es Salaam. Dakika tisini hazikutoa mshindi, mchezo ukaingia katika muda wa nyongeza, na wageni wakawa wanaongoza kwa mabao mawili kwa moja. Hapo mawe yakaanza kurushwa kutoka upande wa watazamaji. Mwamuzi msaidizi, yule tumwitaye mshika kibendera, akaumizwa, na mchezo ukavunjwa. Baadaye Yanga wakapewa ushindi, wakaenda fainali, na kombe wakalichukua wao. Msimu huohuo timu zote tatu za mkoa wetu zilizokuwa Ligi Kuu, yaani Coastal Union, African Sports na Mgambo, zilishuka daraja kwa pamoja. Sisemi kwamba zilishuka kwa sababu ya mawe. Zilishuka kwa sababu ya pointi. Lakini aliyerusha jiwe akidhani anaisaidia timu yake alikuwa na nafasi ya kutosha baadaye kutazama alichoisaidia.

Siyasemi haya ili kuuaibisha mji wetu. Miezi michache baadaye, tarehe 1 Oktoba 2016, mashabiki waling'oa viti katika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, Simba na Yanga zilipokutana. Mwezi wa Desemba 2024 viti viling'olewa tena katika uwanja uleule, Simba ilipocheza na wageni kutoka Tunisia. Kwa hiyo ugonjwa huu hauna kabila wala mkoa. Nimechagua Mkwakwani kwa sababu ni kwetu, na kwa sababu siku ile Neno la Mungu lilikuwa limekwisha kutuonya tangu asubuhi, nasi hatukusikia.

Tazameni somo la kwanza. Linaanzia katika aya ya ishirini na moja ya sura ya kumi na nne ya Matendo ya Mitume. Tunasikia kwamba Paulo na Barnaba walirudi Listra, Ikonio na Antiokia, wakiwaimarisha wanafunzi na kuwaambia kwamba njia ya kuingia katika ufalme wa Mungu hupita katika taabu nyingi. Ni somo tulivu, nasi hulisikiliza kwa utulivu. Ila mpangilio wa masomo umeacha aya zinazotangulia, na makatekista mlio na Biblia nyumbani nawaomba mzisome leo kabla ya kulala. Bila aya hizo mtu hawezi kuelewa ni jambo gani Paulo alilofanya aliporudi Listra.

Paulo alipofika Listra mara ya kwanza alimkuta mtu kiwete tangu kuzaliwa, akamponya. Umati ulipoona ulipaza sauti kwa lugha ya kwao kwamba miungu imeshuka kwa umbo la wanadamu. Barnaba wakamwita Zeu, Paulo wakamwita Herme. Kuhani wa Zeu akaleta mafahali na mashada ya maua ili wawatolee sadaka. Mitume wakararua mavazi yao, wakaingia kati ya watu wakipiga kelele kwamba wao ni wanadamu tu, na hata hivyo ilikuwa shida kuwazuia. Kisha wakaja watu kutoka Antiokia na Ikonio, wakasema na ule umati, na umati ukageuka. Waliokuwa wameshika mashada wakashika mawe. Wakampiga Paulo, wakamburura hadi nje ya mji, wakamwacha huko wakidhani amekufa.

Ndugu zangu, aliyewahi kukaa jukwaani anaufahamu umati wa Listra. Dakika ya ishirini mshambuliaji amefunga, anaitwa mfalme, anaimbiwa. Dakika ya sabini amekosa penalti, na walewale waliomwimbia wanamtaja mama yake kwa maneno ambayo siwezi kuyasema katika redio. Golikipa aliyebebwa mabegani Jumapili iliyopita, leo anasindikizwa na chupa za maji mpaka ndani ya basi. Wahenga walisema bendera hufuata upepo. Umati nao hufuata upepo, lakini bendera haina mikono ya kuokotea mawe.

Kitu gani humpata mtu akiwa katikati ya wengi? Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake cha Maungamo, ametuachia habari ya rafiki yake Alipio, ambayo mimi naiona kuwa maelezo bora kuliko mengi yaliyoandikwa baadaye na wataalamu. Alipio alikuwa kijana mwema aliyekwenda Roma kusomea sheria. Aliichukia michezo ya uwanjani, ambako watu walipigana mpaka kuuana mbele ya watazamaji. Siku moja wanafunzi wenzake walimkuta njiani wakitoka kula, wakamvuta kwa nguvu na kwa mzaha. Akawaambia kwamba wataupeleka mwili wake, lakini roho na macho yake hayatakuwapo. Akaketi nao, akafumba macho. Mpiganaji mmoja akaanguka, na uwanja mzima ukanguruma. Alipio akafumbua macho ili aone kuna nini, akiamini kwamba atakachokiona atakidharau. Hakukidharau. Augustino anaeleza kwamba alijeruhiwa rohoni vibaya kuliko yule aliyeanguka alivyojeruhiwa mwilini. Kwamba hakuwa tena yule mtu aliyekuja, bali mmoja wa wale waliomleta. Akatazama, akapiga kelele, akawaka, na tangu siku ile akawa yeye ndiye anayewavuta wengine.

Angalieni, Alipio hakushindwa na macho. Macho aliyafumba. Alishindwa na masikio, kwa sababu sauti ya watu maelfu ikipanda kwa pamoja humwingia mtu hata asipotaka. Kijana wa Makorora au Ngamiani anayesema, "Mimi Padre siwezi kufanya fujo, mimi hutazama tu," anasema alivyosema Alipio njiani. Simwambii asiende uwanjani. Namwambia ajue kwamba mahali anapoingia pana nguvu, na nguvu hiyo haitamwuliza kwanza kama yeye ni mbatizwa, au mwalimu, au baba wa watoto wanne.

Najua lipo jibu linalotolewa haraka: "Padre, sisi tulionewa." Nalichukua jibu hili kwa uzito, kwani Kanisa halina haki ya kumhubiria amani mtu ambaye halijasikiliza kilio chake. Watu wa mikoani wana kinyongo cha miaka mingi na timu mbili kubwa za Dar es Salaam. Huamini kwamba filimbi husikia harufu ya wakubwa. Mji uliotoa bingwa wa Tanzania mwaka 1988, yaani Coastal Union hiyohiyo, unaona uchungu kuwa kituo cha wengine kupitia wakichukua pointi. Basi tuchukulie kwamba siku fulani mwamuzi amekosea kweli. Tuchukulie hata jambo baya zaidi, kwamba amekosea kwa makusudi. Je, jiwe linamfikia nani?

Mwamuzi wa kati yuko katikati ya uwanja, mbali. Wanaopanga waamuzi wako ofisini. Tajiri anayedhaniwa kutoa bahasha, kama yupo, yuko nyumbani kwake anatazama televisheni. Anayefikiwa na jiwe ni mshika kibendera, kwa kuwa kazi yake inamtaka aende na kurudi kandokando ya mstari akiwa ameupa umati mgongo. Ndiye aliye karibu. Hiyo ndiyo hatia yake yote. Huyu aghalabu ni mtu wa kipato cha kawaida, mwenye kazi nyingine katikati ya juma, aliyesafiri kwa basi kutoka mkoa wa mbali. Amemwambia mkewe kwamba atarudi Jumatatu. Ndiyo maana sipendi kusikia watu wakiita jambo hili "hasira za kudai haki". Haki humtafuta mwenye kosa. Jiwe la umati humpata wa karibu.

Hapa niseme neno juu ya utani, maana hapo ndipo wengi hujitetea. Magazeti na redio huziita Simba na Yanga watani wa jadi, na hapa Tanga pia tumezoea kusema hivyo juu ya Coastal na African Sports, ambazo zimezigawa nyumba nyingi za mji huu, mume huku na shemeji kule. Neno hilo ni zuri, ila tumechukua jina tukaiacha sheria yake. Wazee wetu, Wazigua kwa Wabondei, Wasambaa kwa Wadigo, walijua utani ni kitu gani. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukuambia jambo ambalo ndugu yako wa tumbo moja asingethubutu. Angeweza kumchukua kuku wako mchana kweupe, nawe ukacheka. Lakini mtani huyohuyo ndiye aliyewahi kufika msibani. Ndiye aliyefanya vituko kaburini, akadai apewe chochote ndipo mazishi yaendelee, hata wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Naye ndiye aliyeshika kazi ambazo wenye msiba hawakuwa na nguvu ya kuzishika. Utani ulikuwa na mpaka, na mpaka huo kila mtu aliujua. Tena utani ulikuwa baina ya watu wanaojuana. Mtu usiyemjua humtanii. Humjui baba yake wala kijiji chake, na siku akifiwa hutakwenda. Basi tukimtukana mchezaji aliyetoka Burundi au Zimbabwe, ambaye hata lugha yetu anaisikia kwa shida, tusiseme tunamtania. Tunamtukana.

Vijana wa VIWAWA huniuliza mara kwa mara, "Padre, kuzomea ni dhambi?" Huwajibu kwamba kushangilia timu yako mpaka sauti ikauke si dhambi, na kumcheka mpinzani aliyeteleza akaanguka kitako si dhambi ya kwenda nayo kiti cha kitubio. Lakini lipo jaribio moja jepesi. Neno ulilolitamka jukwaani, je, ungeweza kulitamka umesimama peke yako mbele ya mtu huyo, mwanga ukiwapo, mama yako akisikia? Kama usingeweza, basi lililokutia ushujaa ni kule kutojulikana. Penye wengi ulitafuta mahali pa kulificha jina lako, jina lile uliloitwa siku maji yalipomwagwa kichwani pako.

Sasa turudi kwa Paulo, kwa maana yeye aliyajua mawe kwa pande zote mbili. Miaka kabla ya Listra palikuwa na umati mwingine, huko Yerusalemu, uliompiga mawe Stefano mpaka akafa. Wapigaji waliona mavazi yanawazuia, wakayavua, wakayaweka miguuni pa kijana mmoja aliyeitwa Sauli. Maandiko hayasemi kwamba Sauli alirusha hata jiwe moja. Yanasema kwamba alikubaliana na kuuawa kwake. Alizilinda nguo.

Ndugu zangu, wanaorusha mawe ni wachache siku zote. Katika uwanja wenye watu maelfu huenda hawafiki hamsini. Ila hao hamsini wanahitaji watu wa kuwalindia nguo. Yupo anayeona mwenzake anainama kuokota, akageuza uso. Yupo anayecheka. Yupo anayesimama mbele ili polisi wasione. Yupo kiongozi wa klabu ambaye siku tatu kabla ya mchezo amesema hadharani kwamba mgeni hatatoka hapa salama, na baada ya tukio anasema hao waliofanya fujo si mashabiki wetu. Yupo aliyeweka fedha ya chakula cha watoto katika mchezo wa kubahatisha, wenyewe huuita mkeka. Mkeka umechanika dakika za mwisho, na sasa anamdai mshika kibendera deni ambalo hakulikopa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1868, inatufundisha kwamba tunabeba dhamana ya dhambi za wengine tunaposhiriki nao, tunapowaamuru, kuwashauri, kuwasifu au kuwaidhinisha, tusipowafichua au kuwazuia ilhali tuna wajibu huo, na tunapowakinga watenda maovu. Makatekista, katika mafundisho ya kitubio yasomeni maneno hayo mbele ya vijana, na mtoe mfano wa uwanjani. Watawaelewa mara moja.

Na yupo mtoto. Baba amemleta akiwa na miaka saba, amemketisha mabegani ili aone. Kutoka mabegani anaona mpira, na pia anaona jinsi baba anavyobadilika. Nyumbani baba huyu humkanya asiseme neno "mjinga". Hapa anamsikia akisema maneno ambayo mtoto hakuwa anajua kwamba yapo, na watu wazima wanacheka. Mtoto hutunza. Tutakuja kushangaa miaka kumi baadaye, tukimwuliza amejifunzia wapi.

Ipo pia imani potofu inayoulisha moto huu, nami siwezi kuipita nikiwa mhubiri wa Tanga, mji ambao wengine huutania kwa sababu ya waganga wake. Timu zetu zimewahi kutozwa faini kwa kukataa kuingia kwa mlango rasmi, zikaruka ukuta, kwa hofu ya kilichofukiwa mlangoni. Watu huona ni kichekesho. Mwezi wa Septemba 2008, huko Butembo, mashariki mwa Kongo, golikipa alishukiwa kutumia uchawi katikati ya mchezo. Wachezaji wakagombana, umati ukaingia, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, watu wakakimbilia milangoni, na zaidi ya kumi wakafa, wengi wao vijana. Anayeamini kwamba mpinzani wake anamshinda kwa nguvu za giza hawezi kushindwa kwa heri. Kila bao kwake ni shambulio. Mkristo anayechanga fedha za "kamati ya ufundi", naye anajua fundi huyo ni wa nini, anakwenda kinyume cha amri ya kwanza kabla hajafikia amri ya tano.

Kwa wenye mamlaka nina neno fupi. Tarehe 9 Mei 2001, mjini Accra, mashabiki waliokasirika waling'oa viti wakavitupa uwanjani. Polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi kuelekea majukwaani, na watu 126 wakafa katika kukanyagana na kukosa hewa, wengi wao bila kuwa wametupa kitu chochote. Kanisa linaikumbuka habari ya kale zaidi ya namna hiyo. Mwaka 390 umati wa Thesalonike ulimwua kamanda wa jeshi aliyemfunga mwendesha magari ya farasi waliyempenda. Kaisari Teodosi akatuma askari, wakawaua watu maelfu palepale uwanjani. Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, hakumruhusu Kaisari kukaribia meza ya Bwana mpaka alipofanya toba mbele ya watu. Askofu huyo hakusema umati haukuwa na kosa. Alisema kosa la umati halimpi mtawala ruhusa ya kuwa umati mwingine wenye silaha.

Wapendwa, sisemi haya kwa kuuchukia mchezo. Paulo mwenyewe alichukua mifano yake kwa wakimbiaji na wapiganaji wa masumbwi, na Papa Yohane Paulo wa Pili katika ujana wake alikuwa golikipa. Tena kwa mji kama wetu uwanja una baraka yake. Katika benchi moja la Mkwakwani huketi mwana wa parokia na mwana wa madrasa, mbeba mizigo wa bandarini na hakimu, Msambaa aliyeshuka kutoka milimani na Mdigo wa ufukweni, wakipeana karanga na kukumbatiana bao likiingia. Mahali pengine pa kuketi hivyo hatuna pengi. Ndiyo maana jiwe linalorushwa kutoka katika benchi hilo linaniuma kuliko ambavyo lingeniuma likirushwa penginepo.

Injili ya leo inasema juu ya kutambulikana. Bwana anatoa amri yake Yuda akiwa amekwisha kutoka, usiku ukiwa umeingia. Anajua kwamba kesho yake kutakuwa na umati utakaodai asulubiwe. Katika saa hiyo hawapi wafuasi wake vazi la kujitambulisha, wala rangi, wala wimbo. Anawaambia kwamba watu wote watawatambua kwa kupendana kwao. Sisi siku ya mchezo tunatambulikana kwa rangi toka mbali, na hilo halina ubaya. Nauliza tu kama jirani yetu Mwislamu aliyeketi nasi benchi moja, mawe yalipoanza, aliweza kuona tofauti yoyote baina yetu na wengine.

Basi nini kifanyike katika parokia? Nianze na viwanja vyetu wenyewe. Katika mabonanza ya vijana na ligi za vigango, mwamuzi huwa ni mseminari aliye likizoni au mwalimu wa shule ya jirani, na nimepata habari za mabonanza ambayo mwamuzi alimalizia mchezo akiwa ndani ya sakristia, mlango umefungwa. Tena katika Kombe la Somo wa Parokia! Wenyeviti wa vigango, kabla ya mchezo mwitambulisheni mwamuzi kwa watu wote, kwa jina lake na mahali atokapo, na baada ya mchezo ale chakula pamoja na timu zote mbili. Umati huona ugumu kumpiga mtu ambaye unalijua jina lake. Katika jumuiya ndogo ndogo, wale wanaokwenda Mkwakwani waende wawili watatu pamoja, wakiwa wameagana kwamba mmoja wao akianza kuwaka mwenziwe atamshika mkono na kumtoa nje, naye hatabisha. Alipio aliletwa uwanjani na rafiki zake. Laiti mmoja tu kati yao angemshika mkono akamrudisha nyumbani. Na aliyewahi kuumiza mtu uwanjani, hata kama ni miaka mingi imepita na hakuna aliyemwona, kiti cha kitubio kipo. Padre atamwuliza juu ya malipizi, na ajiandae kujibu.

Turudi mwisho katika aya tulizoachiwa tuzisome wenyewe. Paulo alilala nje ya mji wa Listra, ameumizwa, watu wamekwenda zao. Wanafunzi wakamzunguka. Akasimama, na badala ya kukimbia, akaingia tena mjini. Siku ya pili yake akaenda Derbe na Barnaba, wakahubiri huko. Kutoka Derbe palikuwa na njia ya kuendelea mbele na kurudi kwao bila kupita tena kwa wale watu. Ndipo linapoanza somo letu la leo: wakarudi Listra. Alipita katika njia zilezile, mbele ya nyumba zilezile, na bila shaka baadhi ya waliomsalimia alizijua nyuso zao. Hakudai wakamatwe, wala hakuukunguta mavumbi mji huo. Aliwatia moyo wanafunzi, akawawekea wazee katika kila kanisa, watu wa mji huohuo.

Na katika safari yake ya pili, alipofika Listra tena, alimkuta huko mwanafunzi mmoja kijana, mama yake Myahudi aliyeamini, baba yake Myunani, akisifiwa na ndugu wote. Akamchukua awe mwenzake wa njia, akamwita mwanawe, na barua mbili alizoandikiwa tunazisoma kanisani mpaka leo. Jina lake Timotheo. Alikuwa amekulia katika mji ule. Maandiko hayatuambii siku ya mawe alikuwa amesimama wapi.